Nyasi Nyuma ya Makumbusho

Mama Wendelin alinikataa kwa upole. Alinipa kiti chenye mto, akanimiminia chai ya maziwa, akaniongezea sukari bila kuniuliza, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Anayekufukuza kwa kelele, kesho atachoka. Anayekukataa huku anakuchanganyia sukari, huyo ameshafikiri.

"Eunice mwanangu," aliniambia, "wewe ni mtoto mzuri. Una heshima, umesoma mpaka kidato cha nne, na unachekesha watu. Lakini sisi ni watu wa mlimani. Huku mwanamke asiyejua ngolo, watoto wake watashiba mzaha."

"Mzaha wangu una mafuta kidogo, Mama."

Hakucheka. Aliyekohoa ili asicheke ni Wendelin mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akizungusha kikombe mkononi kana kwamba anatafuta kilipotengenezwa. Aliinua macho mara moja tu. Mara moja hiyo ilinitosha kunywa chai yote bila kuhisi inavyounguza.

"Tena," Mama akaendelea, sauti ileile ya upole, "baada ya Pasaka wazee wetu watakwenda Maguu. Kuna binti huko. Sikuambii ili uumie. Nakuambia ili usikae unangoja."

Nilisema asante. Wallahi nilisema asante, kama mtu aliyeongezewa maharage.

Kama hujawahi kufika Umatengo, ngoja nikueleze kilichoninyima mume. Ngolo ni mashimo. Ukisimama Mbinga mjini ukatazama milima, utadhani kuna mtu aliyeitandikia wavu: miraba imeshikana na miraba mpaka kileleni, na katikati ya kila mraba kuna shimo. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana. Akimaliza anatoka. Mwanamke anaingia na jembe, anachota udongo na kuzifunika zile nyasi, na juu yake anapanda maharage. Mvua ikinyesha inatulia ndani ya mashimo kama mgeni aliyepewa kiti, haiporomoshi mlima. Kwetu Liuli, ufukweni, tunalima muhogo kwenye mchanga. Tunainua matuta marefu yaliyonyooka, na mvua ikitaka kupita tunaipisha.

Sasa, mimi na Wendelin tulikutana kazini, kwenye Nyumba ya Picha.

Ndivyo watu wa mjini walivyoiita. Bruda mmoja Mjerumani, ambaye sasa ni marehemu, aliianzisha zamani kwa vyumba viwili: kimoja cha picha zilizochorwa na wanafunzi wake, kingine cha vitu vya kale. Paa lilivuja, ngoma zikaota ukungu. Kisha lilipokuja soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na pikapu zao na maghala yao, ghala la ushirika la jirani likabaki tupu, likinuka kahawa ambayo haipo. Mji ukaamua kuliunganisha na vile vyumba viwili, kukarabati vyote, na kulipa jumba jina jipya linaloeleweka. Wendelin alikuwa fundi seremala wa paa na milango. Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango, kazi niliyojifunza kwa mjomba wangu tukiandika majina ubavuni mwa mitumbwi. Niliwahi kuandika mtumbwi mmoja USIJALI. Ulizama. Tangu hapo naheshimu sana majina.

Jina la jumba ndilo lililokwama. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Joakim, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitaka jina la wilaya, Mbinga, ambayo wakati ule ilifika mpaka ziwani. Mama Wendelin, aliyewawakilisha wanawake, alitaka "Makumbusho ya Umatengo," na alipotaka kitu, kamati nzima iliangalia chini kutafuta kalamu zilizoanguka. Nikaambiwa nianze bango kwa yale yaliyokubaliwa. Nikaandika MAKUMBUSHO NA SANAA kwa herufi kubwa za bluu, nikaacha chini pakiwa peupe. Bango langu likawa kama mimi: kichwa kipo, jina la ukoo bado.

Ijumaa ile, siku mbili kabla ya ufunguzi, nilimkuta Wendelin uani nyuma ya jumba. Uwanja ule unapanda kidogo kuelekea mlimani, na kamati ilitaka pawe na ngolo ya kweli, wageni waione bila kuchafua viatu shambani. Alikuwa ameinama, shati limemganda mgongoni, analaza nyasi kavu mstari kwa mstari. Nilisimama mlangoni na kopo langu la rangi nikamtazama zaidi ya muda unaoruhusiwa na Kanisa lolote, langu au lake.

"Unapaka rangi hewa?" aliuliza bila kugeuka.

"Nakagua kazi. Mistari yako imenyooka kuliko msimamo wako."

Mikono yake ikasimama. Nilijua nimegonga mahali, na nikajuta, lakini ulimi wangu ni mbuzi aliyekata kamba, huwa naufuata tu nyuma.

"Eunice. Nimezungumza na Mama mara ngapi?"

"Sijui. Huwa unazungumza kwa sauti ndogo, siisikii nikiwa huku."

"Nimemwambia simtaki binti wa Maguu."

"Akasema?"

"Akasema hakuniuliza kama namtaka. Aliniuliza kama nitakula."

Nilicheka, naye akacheka. Alikuja karibu. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya nyasi. Alinyoosha kimoja akanifuta tone la rangi shavuni, na badala ya kulifuta akalitandaza.

"Sasa umekuwa bango," alisema.

"Lisilo na jina."

"Jina lipo." Aliniangalia kwa yale macho yake ya taratibu, macho ya mtu anayepima ubao mara mbili kabla ya kuukata. "Mama si mbaya, Eunice. Anaogopa. Baba alipofariki, watu walisema shamba litatushinda. Alilima mlima mzima peke yake. Akimtazama mwanamke, anatazama kwanza kama huyu angeweza."

"Na akinitazama mimi anaona samaki."

"Anaona samaki mzuri," alisema Wendelin. Kwa mtu mkimya kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Alikuwa anaondoka kwenda Kigonsera kufuata mbao za mlango, arudi kesho. Akaniambia wanawake wa kamati watakuja Jumamosi asubuhi na majembe, Mama yake akiwatangulia, wamalizie ngolo. Akanishika mkono, akauachia kabla mtu hajaona, akaenda.

Nikabaki na uwanja mtupu, mistari ya nyasi, na jembe lililoegemezwa ukutani.

Msomaji wangu, najua unachokiona. Mimi sikukiona. Nilichokiona mimi ni Mama Wendelin akifika kesho na kukuta kazi imekwisha. Anauliza, nani kalima hapa? Mimi nashuka taratibu kutoka kwenye ngazi, brashi mkononi, nasema, ni mimi Mama, samahani kwa kuwatangulia. Nilishaiona sura yake. Nilishamwona binti wa Maguu akiolewa na mtu mwingine, mwema, mwenye ng'ombe.

Tena ngolo nimeziona maelfu, barabara nzima ya kupanda kutoka ziwani. Nani asiyejua shimo?

Nililima mchana kutwa. Mwanzoni nilifunika kila mstari kama ulivyolala. Lakini ile mistari iliyokatisha, ile inayolala kwa ubavu wa mlima, ilinikera. Ilinikwaza miguu, na ilifanya kazi ionekane kama madaftari ya hesabu. Nikaiondoa. Nikazibeba zile nyasi na kuzirundika kwenye mistari inayoshuka, nikaifunika kwa udongo mzuri mwekundu, ikainuka, ikanyooka, ikapendeza. Nikarudi nyuma kuitazama. Yalikuwa matuta safi kabisa. Babu yangu angeyapigia makofi.

Kona moja nilishindwa kuimaliza. Mpini ulikuwa umeanza kuteleza mikononi.

Serafina, rafiki yangu tuliyepanga naye chumba, Mmatengo wa Litembo, alikuwa akikanda unga nilipofika nyumbani. Nilimsimulia yote nikiwa nimeloweka mikono kwenye maji ya chumvi. Akaacha kukanda.

"Nyasi alilaza nani?"

"Wendelin."

"Peke yake?"

"Kwani ni kitanda cha harusi? Peke yake, ndiyo."

"Na wewe ukaingia ukazifunika udongo. Peke yako." Alijifuta unga, akakaa chini polepole kama bibi. "Eunice, dada yangu. Kwetu mwanamke hafuniki nyasi za mwanamume hivihivi. Unafunika za baba yako ukiwa kwenu. Ukiondoka kwenu, unafunika za mume wako. Wanawake wakija kwa kundi, hiyo ni kusaidiana, haina neno. Lakini mmoja peke yake, juu ya nyasi za kijana asiye ndugu yake..."

"Ina neno."

"Umejiozesha mwenyewe, dada. Bila hata pete."

Nikairudisha mikono kwenye maji ya chumvi. Juu yetu, mvua ya Machi ikaanza kugonga bati.

Asubuhi tulisikia kelele za kamati tukiwa bado barabarani. Si kelele za furaha.

Mvua ilikuwa imeshuka mlimani kama kawaida yake, ikafika uani nyuma ya jumba, ikatafuta mahali pa kutulia, ikakuta mgeni ametengenezewa njia nne zilizonyooka zikielekea mlango wa nyuma. Ikapita. Tope jekundu lilikuwa limetandaa ukumbini mpaka chini ya picha za Bruda, kwenye sakafu iliyopigwa saruji wiki iliyotangulia. Picha zilinusurika kwa sababu nilizitundika juu. Vyungu vilinusurika kwenye kata zake. Lakini mtumbwi wa babu yangu, tuliouleta kutoka Liuli juu ya lori ili wageni wauone, mtumbwi ambao ziwani haukuwahi kuonja maji ndani, ulijaa tope nusu yake, katikati ya mji wa mlimani.

Wanawake wa kamati walikuwa wamesimama uani na majembe yao mabegani. Mbele yao, Mama Wendelin. Wendelin alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye lori la mbao, akaja mbio, akasimama. Alitazama matuta. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa yote, hata lile ambalo Serafina aliniambia. Masikio yake yakaiva.

"Shikamoo Mama," nilisema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Nani kalima hapa?"

Sikuwa juu ya ngazi. Sikuwa na brashi. "Ni mimi, Mama."

"Na wenzako?"

"Sikuwa na wenzangu."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mama Wendelin akageuka sasa, taratibu.

"Juu ya nyasi za nani?"

"Mama," akaingilia Wendelin, "nyasi nililaza mimi. Kama kuna kosa, nusu ni langu."

"Sijafika kwako. Nyasi za nani, binti?"

"Za Wendelin."

Kicheko kikawatoka wote, wanawake wale, hata Mwalimu Joakim akageukia ukuta na kuanza kusafisha miwani iliyokuwa safi. Wengine wakaanza utani. "Mama Wendelin, mahari mtalipa kwa dagaa?" "Harusi imeshapita, jamani, sisi tumekuja kufagia." "Na bwana harusi alikuwa Kigonsera!"

Mama aliinua mkono mmoja, wakanyamaza. Alinisogelea karibu mpaka nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye kitenge chake. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, ileile ya chai na sukari.

"Mwanangu. Wewe ni mtu wa ziwani, mila hii si yenu. Sema tu kwamba hukujua. Sema hapa, mbele yao. Tutacheka, tutafagia, na kesho tunafungua nyumba yetu. Hakuna atakayekushika kwa neno."

Ulikuwa mlango mzuri. Ulikuwa na komeo jipya na bawaba zilizotiwa mafuta. Na jambo lenyewe lilikuwa kweli, wala sikuhitaji kudanganya.

"Nikisema hivyo, Mama," niliuliza, "Maguu je?"

"Maguu ni Maguu."

Nilimtazama Wendelin. Hakunipa ishara. Alisimama tu na mikono yake mirefu pembeni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akiniachia mimi niseme nitakacho. Sijui kama kuna mwanamume mwingine ambaye angeniachia. Nikajua nikipita mlango ule, nitakuwa nimemwacha yeye upande wa pili.

"Ni kweli sikujua, Mama," nilisema, na sauti yangu ilinishangaza kwa jinsi ilivyokuwa haina mzaha hata punje. "Jana nalima, sikujua. Serafina aliniambia jioni. Lakini sasa nimejua, na nyasi hizo siziachi. Tope nitafagia. Matuta nitabomoa. Sakafu nitasugua kwa mikono. Ila nilichosema kwa jembe, sikirudishi."

Kuku mmoja alipita katikati yetu akiwa na shughuli zake.

"Nionyeshe mikono," alisema Mama Wendelin.

Nikainyoosha. Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote, mengine yameingia rangi ya bluu. Aliishika, akaigeuza, akaikandamiza kwa kidole gumba kama mtu anayeangalia kama parachichi limeiva. Niliuma meno.

"Ulipata haya saa ngapi? Mwanzo au mwisho?"

"Mwanzo."

"Na ukaendelea."

"Nilibakiza kona ile. Mpini ulikuwa unateleza."

Alitazama kona ile. Alitazama matuta yangu, moja baada ya jingine, kwa masikitiko ya kweli, kama daktari anayetazama mguu uliofungwa na mganga wa mtaani.

"Kulima hujui," alisema mwishowe. "Hujui kabisa. Sijawahi kuona kitu kibaya namna hii tangu nizaliwe."

"Ndiyo, Mama."

"Na kuacha pia hujui." Aliniachia mikono. "Hilo la kwanza linafundishika."

Akavua viatu. Akakaza kitenge kiunoni, akachukua jembe kwa mwanamke aliyekuwa karibu, akalitupa miguuni pangu, akachukua lake. "Njoo hapa. Usikanyage nyasi, unakanyaga nini wewe, simama katikati. Uso mlimani. Udongo unatoka kati ya miguu yako, hautoki pembeni. Unachimba shimo, hujengi kaburi. Sasa, mistari ya kulala iko wapi?"

"Niliiondoa. Ilikuwa inanikwaza."

"Ilikuwa inakukwaza." Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Mstari wa kulala ndio mlango, binti. Umeng'oa mlango halafu unashangaa mwizi kaingia."

Hapo wakacheka tena, lakini kicheko kile kilikuwa na nafasi ya mtu kukaa ndani yake. Wakashusha majembe. Wengine wakaingia ukumbini na vibuyu na ndoo kutoa tope mtumbwini, Serafina akiwaongoza kwa wimbo wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, aliojifunza kwangu na kuuimba vibaya. Mimi nikalima. Kila nilipokosea nilipigwa kisigino kwa mpini, si kwa nguvu. Mikono iliwaka moto. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile na nisingeweza kuieleza, kwani nilikuwa nimejaa udongo mpaka kwenye kope.

Mwalimu Joakim alikuja ukingoni, miwani mkononi.

"Mama Wendelin, samahani. Bango. Kesho wageni wanafika na chini bado peupe. Tuandike Umatengo, kama ulivyotaka?"

Mama alinyooka, akashika kiuno. Kupitia mlango wa nyuma tuliona wanawake wanne wameinama juu ya mtumbwi wa babu yangu wakichota udongo, wanauimbia kana kwamba ni mtoto anaogeshwa.

"Udongo wangu umejaa kwenye mtumbwi wao," alisema. "Mimi nitasema Umatengo kwa mdomo gani? Andika Mbinga. Mbinga inaanzia huku juu mpaka majini, si ndiyo? Basi. Ila kwenye mlango wanaanza na ngolo. Samaki watakuwa chumba cha pili."

"Chumba cha pili kina dirisha kubwa," nilisema.

"Nani amekuuliza? Chimba."

Nikachimba. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga herufi: MBINGA, bluu juu ya peupe, na M yake niitanue miguu kama mlima. Wendelin alikuwa bado amesimama palepale alipofika mbio, kofia mkononi, anatutazama kama mtu aliyekuja kuchukua mbao akakuta nyumba imeshajengwa. Nilitaka kumwita. Nilitaka kumpigia mluzi. Lakini kuna mambo ambayo msichana wa kidato cha nne anajua kuyaacha, si mengi.

Mama Wendelin alifika mwisho wa mraba, akatazama mbele yetu, pale nilipoing'oa mistari jana. Palikuwa patupu. Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono.

"Wendelin."

"Naam, Mama."

"Umesimama hapo kama nguzo ya simu. Humuoni mwenzako amefika mwisho? Lete nyasi."

Majembe yote yalisimama. Serafina alinyamaza katikati ya wimbo. Nadhani hata Mwalimu Joakim, ambaye hakuwahi kuamini kitu kisichoandikwa, alielewa alichosikia.

Wendelin aliweka kofia chini. Alikwenda kwenye lundo, akakumbatia nyasi kifua kizima, akaja nazo, na zile ndefu zikawa zinamfunika uso mpaka yakabaki macho tu. Alipiga goti mbele yangu. Akaulaza mstari wa kulala, taratibu, kutoka upande mmoja wa mraba mpaka mwingine, akiusawazisha kwa kiganja kama anavyosawazisha ubao. Alipomaliza hakuinuka mara moja.

"Mlango huo," alisema, sauti ya chini, kwa ajili yangu tu. "Usiung'oe tena."

Nilikuwa na majibu kama saba hivi, yote mazuri. Niliyameza. Nikasimama katikati, uso mlimani, kama nilivyofundishwa, nikachota udongo kati ya miguu yangu, nikafunika.